Pikipiki inakataa kuwaka: kutafuta kasoro ya umeme nyumbani mbele ya kununua batri mpya

Kwa motari wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, asubuhi ambayo pikipiki inakataa kuwaka ni hasara tayari. Wengi wanaendesha chombo cha mtu mwingine, na mwenye chombo anangojea pesa yake jioni, pikipiki iwe ilitembea ao ililala. Kwa haraka, motari anakimbia kununua batri mpya. Kisha wiki chache batri hiyo nayo inakufa, kwa sababu kasoro haikuwa kwenye batri. Ilikuwa fasi ingine, na iko bado pale pale.

Umeme wa pikipiki uko na njia yake. Unatoka kwenye batri, unapita fuzi, unapita kontakti, unafika kwenye taa, klakisoni ao rele ya demareri, kisha unarudi kwenye batri kupitia chuma ya pikipiki na waya ya masi. Injini ikizunguka, statori inatoa umeme, regulateri inaupima na kuutuma kwenye batri. Anayetafuta kasoro anafuata njia hiyo hatua kwa hatua. Hapo anajua kitu gani kimekufa mbele ya kutoa hata franka moja.

Vyombo vya kutosha

Multimetre ya bei ndogo inatosha. Kando yake ziwe ampuli ya volti 12 yenye nyaya mbili, brashi ya waya, tournevis na fuzi za akiba. Kazi ifanyike nje ao fasi yenye hewa, mbali na sigara na moto, kwa sababu batri inatoa gesi inayoweza kulipuka na ndani yake kuna asidi. Wakati wa kufungua batri, waya ya hasi inatoka kwanza. Wakati wa kurudisha, inakuwa ya mwisho.

Kuanza kwa macho na mikono

Mbele ya kupima, aangalie vitu ambavyo vinapoteza watu wakati bure. Kibonyezo chekundu cha kuzimisha injini kwenye mkono wa kulia kinaguswa kwa urahisi na abiria ao mtoto. Pikipiki zingine zinakataa kuwaka kama gia imeingia bila kukamata ambreyaji, ao kama mguu wa pembeni umeshuka.

Kisha ashike vichwa vya batri. Kama vinacheza, ao viko na unga mweupe ao wa kijani, umeme haupiti vizuri hata kama batri ni mpya. Vinasafishwa kwa maji ya moto yenye bikarbonati kidogo na kwa brashi, vinakauka, kisha vinakazwa. Kwenye barabara za mawe ya volkano kama zile za Goma, mtikisiko wa kila siku unalegeza vichwa na kukata nyaya polepole.

Sauti inasema nini

- Kimya kabisa, na taa haziwaki: kuanza na vichwa vya batri, fuzi, kontakti.
- "Ta-ta-ta-ta" ya haraka: batri iko chini, ao kichwa chake kimelegea.
- "Tak" moja tu, na taa ziko na nguvu: rele, demareri ao waya nene zake.
- Demareri inazunguka vizuri, injini haiwaki: shida iko kwenye bujii, waya yake, CDI, ao mafuta. Batri haina kosa.
- Kwa kiki inawaka, kwa demareri inakataa: moto wa bujii uko sawa. Kutafuta kwenye batri, rele na demareri.

Batri: namba tatu

Multimetre inawekwa kwenye volti za umeme wa batri, alama ya 20. Waya nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi.

Ya kwanza, pikipiki ikiwa imelala saa kadhaa: volti 12,6 ao zaidi, batri imejaa. Karibu 12,4 bado inafaa. Ikiwa 12,0 ao chini, iko karibu tupu, ichajiwe mbele ya kuendelea na vipimo.

Ya pili, wakati wa kubonyeza demareri: batri nzima haishuki chini ya volti 10 hivi. Ile inayoonyesha 12,6 kisha inaanguka hadi 7 ao 8 imechoka ndani.

Ya tatu, injini ikizunguka kwa mwendo wa kati na taa zikiwaka: karibu 13,5 hadi 14,8. Wengi wanasahau kipimo hiki, na ndicho kinaeleza mbona batri mpya zinakufa. Namba ikibaki 12 na kuendelea kushuka, batri haichajiwi. Ikipita 15, regulateri imekufa: asidi inachemka, maji yanakauka, ampuli zinaungua moja baada ya ingine. Batri yoyote itakayowekwa hapo itapikwa pia.

Kama haichaji, kontakti ya plastiki kati ya statori na regulateri ifunguliwe. Mara nyingi inakutwa imeungua ao imeingia maji. Kwenye pikipiki zenye nyaya tatu za rangi moja kutoka kwa statori, multimetre inawekwa kwenye volti za umeme wa kubadilika na nyaya zinapimwa mbili mbili, injini ikizunguka. Namba tatu zinapaswa kukaribiana. Moja ikiwa chini sana, statori imeungua. Zote zikiwa sawa, mtu ageuke upande wa regulateri na nyaya zake.

Batri inakwisha usiku

Simu, redio na taa za urembo zilizofungwa moja kwa moja kwenye batri zinaendelea kunywa umeme hata kontakti ikiwa imefungwa. Kuzijua: waya ya hasi inatolewa, multimetre inawekwa kwenye ampere kati ya waya hiyo na kichwa cha batri, kontakti ikiwa imefungwa. Namba inapaswa kuwa karibu na sifuri. Kama sivyo, vitu vilivyoongezwa vinatolewa kimoja kimoja hadi namba ianguke. Wakati wa kipimo hiki demareri isiguswe, itaunguza multimetre.

Fuzi haibadilishwi kwa waya

Fuzi ya ampere 10 inakatika ili nyaya zisiungue. Mtu anapoweka waya ya shaba ao karatasi ya sigara mahali pake, kitakachoungua sasa ni nyaya zenyewe, na nyaya hizo zinapita chini ya tanki ya mafuta. Faida ni kufika nyumbani jioni moja. Hasara inaweza kuwa pikipiki nzima, ao ngozi ya dereva na abiria wake.

Fuzi ikikatika tena na tena, kuna waya inayogusa chuma. Mafundi wana njia nzuri ambayo hailiki fuzi: ampuli ya volti 12 inafungwa mahali pa fuzi. Ikiwaka kwa nguvu zote wakati taa na vitu vingine vimezimwa, njia inagusa chuma. Hapo nyaya zinatikiswa polepole, kwanza pale usukani unapogeukia, kisha chini ya tanki na chini ya kiti. Ampuli ikizimika ghafla, mkono umefika kwenye kasoro.

Masi, mshtakiwa anayesahauliwa

Taa inayofifia klakisoni ikilia, ao taa ya kugeuka inayowasha na taa zingine, mara nyingi inatokana na masi mbaya. Waya moja ya multimetre inawekwa kwenye hasi ya batri, ingine kwenye chuma safi ya injini, kisha demareri inabonyezwa. Zaidi ya nusu volti, waya ya masi iko na kutu ao imelegea. Dawa yake ni brashi na ufunguo, bila kununua kitu.

Vigari vya umeme vya watu wenye ulemavu

Njia ni ile ile. Vingi viko na batri mbili za volti 12 zinazofuatana, jumla 24. Kila batri ipimwe peke yake, kwa sababu moja dhaifu inaangusha yote mbili. Lakini mbele ya yote, aangaliwe mkono mdogo unaofungua breki ya mota ili kigari kisukumwe: ukibaki wazi, kigari hakitembei hata batri zikijaa. Vingi pia vinakataa kutembea wakati chaja imechomekwa. Kwa mtu ambaye bila kigari hafiki sokoni ao hospitali, kukumbuka vitu hivi viwili kunaweza kumwokoa siku nzima ya kungojea fundi.

Mbele ya kwenda kwa fundi

Kufungua statori, demareri ao CDI ni kazi ya garaji. Lakini mwenye chombo anayefika na namba zake kwenye karatasi, volti ikilala, volti ya demareri, volti ya kuchaji, anaongea na fundi kwa namna ingine. Fundi mzuri anafurahi kwa sababu nusu ya kazi imefanyika. Na yule anayetaka kuuza batri kwa kila kasoro, atapaswa kueleza mbona.