Alama Ambazo Jua Huziacha Ndani ya Ngozi

  

Leo tunazungumza juu ya saratani ya ngozi. Tutaanza na historia, kwa maana ukijua jinsi ugonjwa huu ulivyogunduliwa, utaelewa kwa nini kofia ya mtoto si pambo.

Mwaka 1775, daktari Percivall Pott wa London aliona kwamba wanaume waliosafisha mabomba ya moshi tangu utotoni walikuwa wakipata saratani kwenye ngozi ya korodani. Akatambua kuwa chanzo ni masizi. Mwaka 1915 huko Japani, Katsusaburo Yamagiwa na Koichi Ichikawa walipaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura, tena na tena kwa miezi mingi, mpaka saratani ikaota. Mwaka 1928 mtaalamu mwingine, Findlay, aliwamulika panya kwa taa yenye miale kama ile mikali ya jua. Nao wakapata saratani ya ngozi.

Angalia jambo moja katika visa hivyo vitatu. Hakuna aliyeugua kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba, hata katika mabaya.

Je, ngozi hukumbukaje jua la jana na la juzi? Mwili wetu umejengwa kwa chembechembe ndogo sana ziitwazo seli. Ndani ya kila seli mna maagizo ya kurithi, yaani jeni, yaliyoandikwa kama herufi katika kitabu. Miale ya jua huharibu herufi hizo. Kwa miaka mingi hilo ndilo lilikuwa jibu kuu, na bado ni kweli.

Lakini si jibu zima. Mwaka 1942 mwanasayansi wa Uingereza, Conrad Waddington, alitumia neno ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita epijenetiki. Fikiria hivi, mama: seli ya ngozi na seli ya ini zina kitabu kilekile. Mbona basi hazifanani? Ni kwa sababu kila seli husoma kurasa zake na kuzifunga nyingine. Kuna alama ndogo, mojawapo huitwa methili, ambazo hukaa juu ya jeni na kusaidia kuamua ukurasa upi usomwe na upi ufungwe. Herufi hazibadiliki, ila usomaji hubadilika.

Mwaka 1983 Andrew Feinberg na Bert Vogelstein wa Marekani walionyesha kwamba katika saratani alama hizo huwa zimevurugika. Baadaye ikaonekana vivyo hivyo katika saratani za ngozi. Jeni moja iitwayo p16 hufanya kazi kama breki ya gari: huizuia seli isijigawe ovyo. Katika baadhi ya saratani za ngozi, breki hiyo imekutwa imefungwa kwa alama za methili. Breki ipo, lakini haikanyagiki.

Mwaka 2015 Feinberg na wenzake walilinganisha ngozi inayopigwa na jua na ile inayofunikwa na nguo, kwa watu wasio na saratani. Wakakuta kwamba jua, pamoja na umri, lilikuwa limeshabadilisha alama katika sehemu kubwa za maagizo hayo. Yaani mabadiliko huanza kabla kidonda hakijaonekana.

Sasa turudi nyumbani. Anayepata hatari kubwa zaidi kwetu ni mtoto mwenye ualbino, kwa kuwa ngozi yake haina melanini ya kutosha, ile rangi inayotukinga. Ualbino wenyewe hurithiwa kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Kwa hiyo mama, asikulaumu mtu. Hukulaaniwa, wala hukukosea ulipokuwa mjamzito.

Watoto hawa huwa pia na macho yasiyoona mbali, ndiyo sababu baadhi yao wamesomea shule za wasioona. Hapa Thika, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule kama hiyo mwaka 1946. Macho yalipata msaada mapema. Ngozi ilisubiri zaidi. Kuanzia mwaka 2011 ndipo serikali ya Kenya ilipoanza kutenga fedha za mafuta ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino. Katika sensa ya 2019 walihesabiwa watu 9,729.

Basi wewe ufanye nini?

Mvalishe mtoto kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Mpake mafuta ya kukinga jua yenye namba 30 au zaidi, usoni, masikioni, shingoni na mikononi, na urudie kila baada ya saa mbili akiwa nje. Mafuta ya kawaida ya kujipaka hayazuii jua. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, asitumwe shambani wala kuchunga mbuzi. Zungumza na mwalimu ili akae kivulini wakati wa michezo.

Nasi wenye ngozi nyeusi tusijisahau. Saratani yetu hupenda kujificha: kwenye wayo, chini ya kucha, au katika kovu la moto na kidonda cha miaka mingi. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu.

Ukiona kidonda kisichopona kwa wiki nne, uvimbe unaotoka damu, au doa jeusi linalokua, usikipake majivu wala dawa ya kubahatisha. Nenda kituo cha afya. Saratani ndogo ya ngozi mara nyingi huondolewa kwa upasuaji na mtu akapona. Ikichelewa, huingia ndani ya mwili.

Jua la jana hatuwezi kulirudisha. La kesho twaweza kulikinga, tuanze mtoto akiwa bado mgongoni.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini watu wawili wanaweza kuwa na maagizo yaleyale lakini ngozi zao ziyasome tofauti?
2. Katika kijiji chako, ni mtoto gani anayehitaji kofia leo, na nani atamsaidia mama yake?