Stesheni ya Mojikō: Lango la Kyushu Tangu 1891

Anayetaka kujua reli zilivyoiinua Kyushu, kisiwa cha Japani, aanzie Moji. Zipo stesheni kubwa kuliko hii, na zenye abiria wengi zaidi, lakini hakuna iliyobeba historia ya kisiwa kile kwa heshima kama Mojikō. Sisi tunaoipenda tuna deni la kuisimulia.

Kabla ya reli, Moji kilikuwa kijiji cha wavuvi na mashamba ya chumvi kwenye ncha ya kaskazini ya Kyushu. Ng'ambo yake, kuvuka mlangobahari wa Kanmon, ni Shimonoseki, mwisho wa kisiwa kikuu cha Honshu. Penye wembamba kabisa maji hayafiki upana wa mita 700, ila mkondo wake ni mkali na manahodha wote wanauheshimu. Mwaka 1889 serikali iliiruhusu Moji iwe bandari ya kusafirisha nje bidhaa tano: mchele, ngano, unga, salfa na makaa ya mawe. Makaa ndiyo yaliyoleta neema. Migodi ya Chikuhō haikuwa mbali, na meli za mvuke za bahari zote za Asia Mashariki zilikuwa na njaa ya makaa.

Kampuni ya Reli ya Kyushu ilikuwa imekwisha kuanza kazi. Treni yake ya kwanza iliondoka Hakata Desemba 1889. Kampuni ilichota ufundi wake Ujerumani, na mshauri wake mkuu alikuwa mhandisi Hermann Rumschöttel. Wakati Tokyo na Yokohama zilipowafuata mafundi wa Kiingereza, Kyushu ilichagua njia yake yenyewe, na matunda yake yakaonekana haraka: tarehe 1 Aprili 1891 reli ilifika Moji, stesheni ikafunguliwa, na makao makuu ya kampuni yakahamia hapo hapo, katika jengo la matofali mekundu ambalo lingali limesimama. Kabla ya mwaka huo kwisha, msafiri aliweza kupanda treni Moji na kuteremka Kumamoto. Umbali wa njia kuu ulihesabiwa kuanzia Moji, na alama ya maili sifuri iliwekwa hapo.

Mwaka 1901 reli ya San'yō, ya upande wa Honshu, ilifika Shimonoseki, na siku hiyo hiyo feri za abiria zikaanza kuvuka. Sasa mtu wa Kyushu aliyekwenda Tokyo alishuka Moji, akatembea hatua chache hadi gatini, akavuka, akapanda treni nyingine. Mwaka 1907 serikali ilitaifisha Kampuni ya Reli ya Kyushu. Mizigo ikazidi, abiria wakazidi, na stesheni ya kwanza ikaonekana ndogo.

Hapo ndipo tunapofikia fahari yetu. Mwaka 1914 stesheni ilihamishwa mita mia mbili hivi karibu na gati, na jengo jipya likafunguliwa: la mbao, ghorofa mbili, kwa mtindo wa Renaissance ya Ulaya, mkono wa kulia na wa kushoto ikilingana. Ndani kulikuwa na vyumba vya kusubiri kwa madaraja mbalimbali, mgahawa wa vyakula vya Kimagharibi juu, na vyoo vya kuvuta maji vilivyopambwa kwa marumaru na vigae, jambo ambalo nyumba nyingi za Japani zilikuwa hazijaliona. Watu wa kawaida waliingia mle na kuhudumiwa kama wageni wa heshima. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo kubwa kuliko nguzo zote za jengo.

Miaka hiyo ndizi za Taiwan zilishushwa bandarini kwa wingi. Zilizoiva njiani hazikuweza kusafirishwa zaidi, basi wachuuzi waliziuza papo hapo, wakigonga meza na kunadi kwa maneno yenye mahadhi hadi umati ukacheka na kununua. Mnada huo wa ndizi mpaka leo huigizwa Moji. Na mwishoni mwa 1922, Albert Einstein aliagana na Japani kutoka bandari hii.

Kuna vitu viwili ambavyo kila mwenyeji atakuonyesha. Cha kwanza ni beseni la shaba nyeusi la kunawia mikono, lililowekwa wakati wa kujengwa stesheni. Wakati wa vita madini yalikusanywa nchi nzima, nalo likanusurika. Ndiyo maana huitwa beseni la bahati. Cha pili ni bomba la maji. Baada ya 1945, askari na raia waliorejea kutoka ng'ambo walikunywa hapo, wakajua wamefika nyumbani. Wengine walikuwa wameacha ndugu zao makaburini. Maji yale yaliitwa maji ya kurejea.

Mwaka 1942 ulikuwa na mitihani yake. Handaki la reli la Kanmon, lenye urefu wa kilomita 3.6, la kwanza nchini kupita chini ya bahari, lilifunguliwa. Mdomo wake ulitokea karibu na stesheni ya Dairi, na Dairi ikapewa jina la Moji. Stesheni yetu ikaitwa Mojikō, yaani bandari ya Moji, na treni nyingi za mbali zikaipita. Wengi waliona ni msiba. Mimi naona kupitwa huko ndiko kulikoiokoa: mahali ambapo treni za mbali zilizidi, majengo ya zamani yalivunjwa kupisha mapya. Hapa hapakuwa na haraka ya kubomoa.

Yaliyofuata ni haya. Mafuriko ya 1953 yaliingia hadi handakini. Mwaka 1963 mji wa Moji uliungana na miji minne kuunda Kitakyushu. Feri ya reli ilikoma 1964. Mwaka 1987 stesheni ikawa mali ya kampuni ya JR Kyushu. Mwaka 1988 jengo likatangazwa urithi muhimu wa taifa, la kwanza miongoni mwa stesheni zinazotumika. Mtaa wa kihistoria wa bandari ulifunguliwa 1995, makumbusho ya reli 2003. Ukarabati mkubwa ulianza 2012 na kukamilika Machi 2019. Mwaka 2023 mabaki ya stesheni ile ya 1891 yalipatikana ardhini mahali palipopangiwa ujenzi. Maoni kuhusu kuyahifadhi yalitofautiana, na ICOMOS, shirika la kimataifa la kulinda urithi, likatoa tahadhari yake 2024.

Shukrani ziwaendee wahandisi, stesheni masta, wafagiaji na mafundi seremala waliolitunza jengo hili. Nawe msomaji, ukijaliwa kufika Kyushu, usiishie stesheni kubwa ya Kokura. Panda treni ya kawaida, robo saa tu, ushuke pale reli inapokoma.