Sangara wa Remba na Sahani ya Petri

Remba ni kisiwa kidogo katika Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, na riziki ya wakazi wake ni uvuvi. Minofu ya sangara wa ziwa hilo huuzwa hadi Ulaya. Mwaka 1997 Hispania na Italia ziliikataa kwa kuhofia salmonela, bakteria aharishaye watu.

Bakteria huyo haonekani kwa macho wala hanusiki. Mpimaji hutwaa gramu 25 za mnofu, akazitia katika mchuzi wa lishe, akauweka penye joto usiku kucha ili walio wachache wazaane. Baadaye huupaka mchuzi huo juu ya ute wa mwani ulioganda, katika sahani aliyoibuni Mjerumani Julius Richard Petri mwaka 1887, akatazama kimeacho. Jibu huchukua siku kadhaa; na samaki mbichi hangoji!

Januari 1998, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku samaki wabichi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji. Safari hii wagonjwa walihesabiwa. Minofu haikungojewa ipimwe. Shirika la Afya Duniani lilisema marufuku hiyo haikufaa, nayo ikaondolewa katikati ya mwaka. Lakini bei ya sangara ufukoni ilikuwa imekwisha kuanguka, na mvuvi hakuwa na hadubini ya kujitetea.