Rangi ya mpira ya kubandua

Rangi ya mpira ya kubandua ni mpira wa sintetiki ulioyeyushwa, unaopulizwa juu ya rangi ya gari na kukauka kuwa ngozi inayoweza kuvuliwa kwa mkono. Inayojulikana zaidi ni Plasti Dip ya Marekani, iliyoanza mwaka 1972 kama mpira wa kuchovya vishikio vya zana.

Gari huoshwa na kukaushwa, kisha taa, vioo na pleti namba hufunikwa. Tabaka la kwanza hupulizwa jepesi, rangi ya chini ikiwa bado inaonekana; mengine hufuata hadi 5 au zaidi. Unene ndio siri ya kazi yote. Ngozi nene hubanduka kipande kizima kama ganda la ndizi. Nyembamba hukatikakatika na kumtesa fundi. Utepe wa kufunikia hutolewa tabaka la mwisho lingali bichi, la sivyo kingo huchanika.

Bariadi, Maswa na kwingineko mkoani Simiyu, adui mkubwa ni vumbi la kiangazi, ambalo hunasa kwenye tabaka bichi. Kazi hufaa ifanyike ndani ya banda lenye hewa ya kutosha, mbali na moto, na fundi avae barakoa yenye kichujio, kwa kuwa viyeyushi vya rangi hii huwaka upesi na hudhuru mapafu. Petroli nayo huulainisha mpira, hivyo tone linalochuruzika kwenye mdomo wa tangi lifutwe papo hapo.

Nchini Tanzania rangi ya gari huandikwa kwenye kadi ya usajili, inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Anayeibadili hupaswa kuiarifu mamlaka hiyo.