Nani Atasimama Ukingoni?

Naomba nianze na swali, msomaji. Ni nani aliyekufundisha kuogelea?

Ukiwauliza vijana wa Lumemo swali hili, wengi watacheka. Kufundishwa? Na nani bwana! Mto Lumemo unatelemka kutoka milima ya Udzungwa, unapita hapa mjini Ifakara na kwenda kumwaga maji yake Kilombero. Sisi tulijifunza kwa kuiba. Mama akienda shamba la mpunga, tunateremka mtoni. Nguo zinatundikwa mtini zisije zikaloana tukakamatwa nyumbani. Anayejua anamsukuma asiyejua. Ukiibuka, umehitimu. Jioni mama anakukwaruza ukucha mkononi, akiona mstari mweupe tu, umekwisha: fimbo.

Mchango wa mzazi katika somo la kuogelea ulikuwa huo. Simlaumu. Alijua maji yanavyochukua. Ila fimbo ile haikutufundisha kuelea, ilitufundisha kwenda kuogelea mbali zaidi, kwenye pembe ambayo hakuna mtu mzima anayeweza kutuona. Na huko ndiko watoto wanakofia.

Hili si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021 peke yake, na robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sisi Watanzania tunayo orodha yetu ya machungu: MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, MV Nyerere mwaka 2018, iliyozama karibu kabisa na gati ya Ukara. Hapa kwetu kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka Januari 2016. Siku hizi tunavuka kwa daraja lenye mita 384, ahsante. Lakini daraja haliwasaidii watoto wanaocheza chini yake, wala halikuyazuia maji ya Lumemo kuingia majumbani masika ya 2024.

Basi kwa nini wazazi wasijipange, wakasimama ukingoni watoto wakajifunza mchana kweupe? Nimemsikia zaidi ya mtu mmoja akisema: "Wazazi wa hapa? Hawajitolei hao!" Hapo ndipo nataka tuifungue historia kidogo, maana maneno hayo si ya kweli.

Mwaka 1955, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, kilianzishwa chama kilichoitwa TAPA, yaani chama cha wazazi Waafrika wa Tanganyika. Kilikwenda bega kwa bega na TANU. Shule za serikali na za misheni zilikuwa chache, watoto walikuwa wengi. Wazazi hawakungoja. Walikata miti, wakakandika udongo, wakaezeka nyasi, wakamtafuta kijana aliyesoma madarasa machache awafundishe watoto wao kusoma na kuandika. Wengi wa wazazi hao hawakujua hata herufi moja. Zingatia hilo, msomaji: mzazi asiyejua kusoma alijenga shule. Kwa nini basi mzazi asiyejua kuogelea ashindwe kusimama mtoni?

Likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Taifa likasema kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Madarasa yako wapi? Hayapo. Wazazi wakaitwa tena. Wakafyatua matofali, akina mama wakabeba maji vichwani. Bibi na babu zetu wanazo hadithi za msaragambo ule. Lakini waulize vizuri, watakuambia na upande wa pili: taratibu hiari ikageuka lazima. Asiyefika aliandikwa jina, akatozwa. Kujitolea kukawa kutolewa. Watu walikuja, ndiyo, lakini jembe lilikuwa mkononi na moyo umebaki nyumbani.

Ndiyo maana elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 na michango ya lazima ikapigwa marufuku, wazazi wengi waliweka mikono mifukoni. "Serikali imesema bure." Ilibidi mwaka huohuo utolewe waraka mwingine kuwakumbusha wazazi kwamba wajibu wao haujafutwa. Mimi sioni uvivu hapo. Naona watu waliochoka kuitwa kwa vitisho.

Sasa tuangalie wenzetu. Zanzibar, upande wa kaskazini, mradi wa Panje ulianza kuwafundisha wasichana kuogelea. Kisiwa kimezungukwa na bahari, lakini wasichana wengi walikuwa hawajui kuelea, kwa kuwa nguo za kuogelea haziendani na mila wala dini. Mradi ukawashonea vazi linalofunika mwili. Wanafunzi wa Shule ya Msingi Kijini wakaingia majini pwani ya Muyuni, wakajifunza kuelea, kuogelea na kuokoa. Waliojua wakawafundisha wengine. Angalia walivyofanya: hawakugombana na wazazi. Walitafuta kinachowatia wazazi wasiwasi, wakakiondoa.

Huko Marekani nako, shule zikifungwa wakati wa joto, mitaa mingi huwa na timu za watoto za kuogelea. Kocha analipwa kidogo, kazi nyingine zote ni za wazazi. Huyu ameshika saa ya kupimia muda, yule anawapanga watoto kwenye foleni, mwingine anauza vitafunio. Wengi wao si waogeleaji hodari hata kidogo. Siri ni moja: hakuna anayeambiwa "njoo usaidie timu". Anaambiwa "Jumamosi saa tatu, shika saa hii, mstari wa nne". Kazi ndogo, yenye jina na yenye mwisho.

Na sisi likizo yetu ya Juni inaangukia pazuri. Masika yamekwisha, Lumemo umeshuka. Kilombero wenyewe tuuache, una mamba na viboko. Tuwaulize wavuvi wetu, Wandamba waliozaliwa mitumbwini, watuonyeshe ni wapi maji hayana kina wala hatari. Mganga wa zahanati atuambie habari za kichocho. Wakisema hapafai, hapafai, tutafute pengine.

Halafu tuwaite wazazi, lakini si kwa tangazo la kipaza sauti. Tupite nyumba kwa nyumba, na anayebisha hodi awe mtu anayefahamika. "Shikamoo mama. Tunakuomba asubuhi moja tu kwa wiki, kwa wiki nne." Mmoja akae na daftari: ahesabu watoto wanaoingia majini, ahesabu wanaotoka. Huyo ndiye mkubwa wa wote, na kazi yake haitaki kujua kuogelea. Mwingine ashike filimbi. Mwingine awe na kamba na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri, tayari kumrushia anayezidiwa. Mvuvi akae mtumbwini na kasia lake. Mama ntilie akipenda, achemshe uji. Asiyefika asitozwe hata senti. Aulizwe tu hali, na wiki ijayo aombwe tena.

Najua utasema, rahisi kuandika! Kweli. Nilipomweleza mama yangu mpango huu, alininyamazia kwanza. Yeye mwenyewe hajawahi kuingia maji yanayopita magoti. Kisha akauliza, "Sasa mimi mtu wa kuogopa maji mtanipa kazi gani?"

Nikamwambia ya daftari.

"Nihesabu tu?"

"Uhesabu tu mama."

Akafikiri. "Anayeogopa ndiye ahesabuye vizuri," akasema, kisha akaniagiza nikamnunulie daftari kubwa, lile la kurasa mia mbili.