Motokaa Iliyozama

Ewe msomaji, utazamapo sinema ya mambo ya kale, usiangalie nyuso na mavazi peke yake. Itazame na motokaa, kwani nayo ni shahidi, na shahidi huweza kusema kweli au uongo.

Mwezi wa Aprili, 1912, meli ya Titanic ilizama katika bahari ya Atlantiki. Shehenani mlikuwamo motokaa ya Renault, mali ya Mmarekani William Carter. Mwenyewe aliokoka, kisha akadai fidia ya dola 5,000. Filamu ya Titanic iliyotoka mwaka 1997 ikaionyesha motokaa hiyo. Renault za siku zile hazikuwa ngumu kutambulikana: rejeta ilikaa nyuma ya injini, na boneti ikateremka kwa mbele kama paa la nyumba. Umbo hilo utaliona katika filamu, nalo ni la kweli.

Lakini orodha ya shehena yasema kwamba motokaa ilisafirishwa ndani ya kasha. Katika filamu imesimama wazi, nao wapenzi wawili wanajificha ndani yake. Hadithi ilihitaji hivyo, kwa maana haiwezekani kupanda motokaa iliyofungwa kashani.

Mtunga hadithi hana lawama. Kazi yake ni kusimulia. Kazi yako wewe, mwanafunzi wa historia, ni kuuliza: Kitu hiki ni cha mwaka gani, na kilikuwa mahali gani? Picha hukaa moyoni kuliko karatasi. Kwa hiyo karatasi nayo haina budi kusomwa.