Nani Alikuruhusu Urekodi Skrini Yako?

Leo unavuta skrini ya tableti, unabonyeza kitufe, inaanza kurekodi. Lakini wasee, hiki kitufe tulinyimwa miaka mingi.

iPad ya kwanza ilitoka 2010. Ukitaka kuonyesha watu unachofanya ndani yake, ulisimamisha kamera mbele ya kioo, taa ya chumba inang'aa hapo juu, vidole vinaziba kila kitu. 2014 Apple wakalegeza kidogo: unaichomeka kwa kompyuta ya Mac, unarekodi na QuickTime. Yaani uwe na Mac kwanza! Kitufe chenyewe kilikuja 2017 na iOS 11. Miaka saba.

Android, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, ilibidi uvunje ulinzi wa mfumo wake (na hapo unaweza kuiua kabisa) ama uiunganishe na kompyuta. Android 5.0 ya 2014 ndiyo iliruhusu programu yoyote kurekodi, mradi ikuombe ruhusa kwanza. Kinasa cha Android yenyewe kikangoja hadi Android 11, 2020.

Mtu atakuambia teknolojia ilikuwa bado. Zii. Kompyuta zilikuwa zinarekodi skrini kitambo. Swali lilikuwa nani mwenye kile kilicho kwa kioo. Sikatai, programu inayochungulia ukiandika PIN ni hatari, so ulinzi una sababu yake. Lakini hebu jaribu kurekodi filamu uliyolipia, kwa tableti uliyonunua. Mara nyingi video inatoka nyeusi tititi.